Mshenga wa Mtandaoni: Uteuzi na Usakinishaji wa Programu ya Proksi katika Tarakilishi ya Mezani

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliye likizoni kwao Nyamira, au aliyepanga chumba viungani mwa mji wa Kisii, aghalabu hukumbana na kikwazo ambacho vitabu vya isimu na vya fasihi havikitaji. Hufungua hifadhi ya JSTOR akitafuta makala ya uhakiki. Ukurasa wa kwanza humkaribisha, wa pili humdai malipo kwa dola. Makala hayo hayo aliyasoma juma lililotangulia bila ya kulipa hata senti, akiwa ameketi katika maktaba ya chuo. Makala hayajabadilika, wala msomaji hajabadilika. Kilichobadilika ni mahali anapoonekana ametokea. Mchapishaji hamjui mwanafunzi kwa sura wala kwa nambari ya usajili. Humjua kwa anwani ya IP, yaani nambari inayoutambulisha mtandao aliomo. Mtandao wa chuo umelipiwa, wa chumbani haujalipiwa.

Hapo ndipo mwenzake humwambia, "Si uweke tu proksi, ndugu yangu." Ushauri huo ni mwepesi kutamka, lakini ndani yake mna uamuzi mzito ambao wengi huufanya kwa kubofya mara moja. Makala haya yanafafanua proksi ni nini, jinsi ya kuteua programu yake, na jinsi ya kuisakinisha katika tarakilishi ya mezani. Msimamo unaoshikiliwa humu ni kwamba swali la kwanza si kasi wala bei. Swali la kwanza ni nani anayemiliki seva iliyo upande wa pili.

Dhana na istilahi

Proksi ni seva inayosimama baina ya tarakilishi ya mtumiaji na tovuti anayoitafuta. Mtumiaji hapeleki ombi lake moja kwa moja. Hulikabidhi kwa proksi, nayo huliwasilisha kwa jina lake yenyewe, hupokea jibu, kisha humrudishia mwenye haja. Tovuti huona anwani ya proksi, haioni anwani ya mtumiaji. Ili mpango huo ufanye kazi, tarakilishi ya mtumiaji huhitaji kuambiwa mambo mawili: anwani ya proksi na nambari ya mlango wa kuingilia. Programu inayoyashughulikia hayo upande wa mtumiaji ndiyo inayozungumziwa hapa.

Katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, seva hii huitwa seva mbadala. Istilahi hiyo ina kasoro. Mbadala ni kitu kinachochukua nafasi ya kingine, ilhali proksi haichukui nafasi ya tovuti wala ya mtumiaji. Wote wawili wapo, nayo inasema kwa niaba. Seva wakala ni jina linalokaribia zaidi. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kisii na Nyamira lipo neno linalofafanua zaidi ya hayo yote. Katika ndoa za kimila za Abagusii palikuwa na esigani, ambaye Waswahili wangemwita mshenga. Esigani hakuwa tarishi wa kubeba maneno tu. Alitumwa kuchunguza ukoo wa pili, akarudi na habari za mali yao, tabia zao na sifa zao. Kwa hiyo alizijua siri za nyumba zote mbili. Ndiyo maana hakuteuliwa mpita njia. Proksi nayo hujua nani ameuliza na ameuliza wapi, na mara nyingine hujua hata alichojibiwa.

Jina la programu yenyewe lina mtihani wake. Wapo wanaounda istilahi kwa kufuata sarufi na kupendekeza programu-teja, kwa maana ya programu inayohudumiwa na seva. Mbele ya darasa la Wakenya pendekezo hilo litaangusha vicheko, kwa kuwa teja mitaani ni mraibu wa dawa za kulevya. Mteja nalo halijasalimika: ujumbe wa simu unaosema kwamba mteja hapatikani umelifanya neno hilo limaanishe, katika mazungumzo ya vijana, mtu asiyeshika simu. Katika makala haya litatumika jina programu ya proksi, ambalo halina urembo ila halimpotezi msomaji.

Proksi kabla ya kuwa njia ya kukwepa

Wengi wa vijana wa leo huihusisha proksi na kukwepa vizuizi, lakini vyuoni iliingia kwa sababu ya uchumi. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ulimwengu, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Taasisi nyingi duniani zenye mtandao mwembamba ziliweka seva zinazotumia programu kama Squid, iliyoanza mwaka 1996. Ukurasa uliofunguliwa na mwanafunzi wa kwanza ulihifadhiwa, na wa pili akauhitaji, alipewa nakala iliyopo bila ya ombi kuvuka bahari tena. Waliosoma enzi hizo wanaikumbuka nambari 3128 au 8080 iliyobandikwa ukutani katika chumba cha tarakilishi. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Kenya mwaka 2009, haja hiyo ilipungua.

Haja iliyofuata ilikuwa ya aina nyingine. Mnamo Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na watu wakakimbilia programu za kuficha njia. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliwataka wanaotumia mitandao binafsi ya VPN watoe taarifa zao. Nchini Kenya, Telegram ilikwama Novemba 2023 wakati wa mtihani wa KCSE, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano ikaziagiza kampuni za simu ziizuie tena wakati wa mtihani huo, sababu ikiwa ni vikundi vilivyodaiwa kuuza karatasi za mitihani.

Kizuizi hicho kiliwagusa hata wasio na haja na karatasi za mtihani. Mfanyabiashara wa Daraja Mbili anayepokea oda kwa Telegram, na kikundi cha wanafunzi wa uzamili kinachobadilishana sura za tasnifu, walifungiwa mlango uleule uliofungiwa wauzaji wa mitihani. Wote wakatafuta proksi juma lile lile, kwa haraka, na haraka ndiyo humpa tapeli nafasi. Inafaa pia isemwe wazi kwamba proksi haihalalishi kilichoharamishwa. Anayenunua karatasi ya KCSE kupitia seva ya ng'ambo amevunja sheria ya mitihani sawa na anayeinunua ana kwa ana.

Uteuzi

Kabla ya kupakua chochote, mwanafunzi na aulize maktabani. Swali la makala za kitaaluma mara nyingi hujibiwa bila ya kusakinisha programu yoyote. Zipo huduma, kama EZproxy iliyobuniwa mwaka 1999, ambazo maktaba huziweka upande wake. Mwanafunzi huingia kwa jina na nywila ya chuo kupitia ukurasa wa maktaba, na kila kiungo anachobofya hupita katika seva ya maktaba. Kivinjari cha kawaida kinatosha. Huyu ni mshenga anayejulikana kwao na anayelipwa na wenyewe. Vyuo vya Kenya hununua hifadhi nyingi kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, kwa hiyo mwanafunzi asiyejua njia ya kuingilia akiwa nje ya chuo anapoteza kitu ambacho karo yake imekwisha kukichangia. Hali kadhalika, jarida kama Swahili Forum liko wazi kwa kila msomaji; kulitafutia proksi ni kubisha hodi penye mlango uliofunguliwa.

Jambo moja husahaulika hapa. Proksi ya nchi ya kigeni haiwezi kumfungulia mwanafunzi hifadhi iliyolipiwa na chuo chake. Seva ya Ujerumani humwonyesha kuwa yuko Ujerumani tu. Haimwonyeshi kuwa yuko chuoni. Anayekodi seva kwa ajili ya JSTOR amekodi teksi ya kumpeleka asikokwenda.

Penye haja halisi ya programu, yaani penye kizuizi cha mtandao au mtandao wa umma usioaminika, zipo njia kadhaa, nazo hazilingani.

Kuna anayemiliki seva yake. Aliyekodi seva ndogo, ambayo huweza kugharimu takriban dola 5 kwa mwezi, au aliye na akaunti katika seva ya idara inayomruhusu kuitumia hivyo, anaweza kuigeuza kuwa proksi kwa itifaki ya SSH. Hapa mshenga ni yeye mwenyewe, na anayebaki kuaminiwa ni mwenye kukodisha mashine.

Kuna programu za taasisi zinazojulikana. Psiphon ilianzia Chuo Kikuu cha Toronto, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kivinjari cha Tor nacho husambazwa bila malipo na shirika lisilo la faida. Hupitisha ombi katika vituo vitatu, hivi kwamba cha kwanza hujua ombi limetoka wapi bila ya kujua liendako, na cha mwisho hujua liendako bila ya kujua litokako. Ni kama ukoo uliotuma washenga watatu wasiofahamiana. Gharama yake ni mwendo wa kinyonga, na baadhi ya tovuti humkataa anayetokea huko.

Kisha kuna orodha za proksi za bure na programu za bure zisizo na mwenyewe, na hizi ndizo zinazojaa katika tarakilishi za maduka ya intaneti. Wahenga waliposema rahisi ni ghali hawakuwa wakifikiria tarakilishi, lakini mfano wa 911 S5 unawaunga mkono. Huduma hiyo iliendeshwa tangu mwaka 2014 hadi Julai 2022, na Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatangaza kuivunja na kukamatwa kwa aliyedaiwa kuiendesha. Programu za bure zenye majina kama MaskVPN, DewVPN na ShieldVPN ziliwapa watu njia ya kuficha anwani zao. Wakati huohuo, pasipo wao kujua, tarakilishi zao ziligeuzwa kuwa proksi za wengine. Anwani zaidi ya milioni 19, katika nchi karibu 200, ziliuzwa kwa wahalifu waliotaka kuonekana kuwa raia wa kawaida walioketi nyumbani mwao. Mtumiaji alidhani ametuma mshenga. Kumbe yeye ndiye aliyetumwa, tena na watu asiowajua, kwa mambo asiyoyajua. Mwaka 2015 ilikwisha kufichuka kwamba huduma ya Hola nayo iliuza miunganisho ya watumiaji wake wa bure kwa wateja wa kulipia.

Uzito wake katika mazingira ya Kisii na Nyamira si wa kubuni. Tarakilishi moja katika duka la Keroka au Ogembo hutumiwa kwa siku nzima na watu wa kila namna: anayeomba mkopo wa HELB, anayejaza fomu za eCitizen, anayewasilisha ripoti ya kodi kwa niaba ya mzazi wake. Programu moja iliyosakinishwa na mtu aliyetaka kutazama mpira asubuhi hubeba maombi ya wote waliofuata. Kurasa nyingi siku hizi hutumia HTTPS, na kwa hiyo proksi huona jina la tovuti bila ya kuona nywila. Kinga hiyo huvunjika pale programu inapomwomba mtumiaji akubali cheti chake cha usalama, naye akabofya ndiyo. Tangu hapo mwenye proksi anaweza kufungua bahasha, akasoma, akaifunga tena, na kufuli dogo kwenye kivinjari likaendelea kuonekana kana kwamba mambo ni salama.

Kundi jingine lenye cha kupoteza ni vijana wanaofanya kazi za mtandaoni. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliwafungia watumiaji wa Kenya. Panapotokea hali kama hiyo, wapo wanaoshawishika kununua proksi zinazowaonyesha kuwa wako Marekani. Majukwaa mengi hukataza jambo hilo katika masharti yake, na akaunti huweza kufungwa siku ya malipo, kazi ikiwa imekwisha kufanywa. Programu nzuri haiwezi kuokoa mkataba uliojengwa juu ya anwani ya uongo.

Usakinishaji

Yafuatayo yanahusu tarakilishi zinazotumia Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizoenea. Ikumbukwe kwamba msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama haiponywi na proksi.

Kwanza, mtumiaji aandike pembeni anwani ya IP anayoonekana nayo sasa. Yapo mengi ya kurasa za kuionyesha, na itahitajika baadaye kwa kulinganisha.

Pili, programu ipakuliwe kutoka katika tovuti ya waliounda, isitolewe kwenye kijiti cha rafiki wala kwenye ghala la programu zilizovunjwa. Baada ya kupakua, faili ibofywe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, sifa zake zifunguliwe, na sehemu ya sahihi za kidijitali isomwe. Jina la mtia sahihi lilingane na la shirika linalojulikana. Iwapo tovuti imechapisha alama ya SHA-256, mtumiaji afungue dirisha la amri katika folda yenye faili, aandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mfuatano wa herufi na tarakimu utakaotokea ulingane na uliochapishwa, wote, si mwanzo wake tu. Faili isiyolingana ifutwe bila ya majadiliano.

Tatu, yategemea njia iliyoteuliwa. Psiphon ya Windows ni faili moja isiyohitaji kusakinishwa. Hufunguliwa, huunganisha, na huandika yenyewe mipangilio ya proksi ya mfumo. Faida yake katika mashine ya watu wengi ni kwamba haiachi mizizi mingi. Kasoro ya mpangilio wa mfumo ni kwamba huwahusu tu wale wanaoufuata: baadhi ya programu huupuuza na kutoka nje moja kwa moja, na mtumiaji asijue. Hapa ndipo proksi inapotofautiana na VPN, ambayo kwa kawaida hubeba kila kitoacho mashineni.

Mwenye seva yake hahitaji kupakua chochote, kwa kuwa Windows za miaka ya karibuni zina SSH ndani yake. Kwenye dirisha la amri huandika ssh -D 1080 -N, kisha jina lake la mtumiaji, alama ya @, na anwani ya seva. Safari ya kwanza ataonyeshwa alama ya utambulisho wa seva. Ailinganishe na aliyopewa na mwenye kukodisha kabla ya kukubali. Dirisha hilo libaki wazi muda wote. Kisha katika kivinjari cha Firefox afungue mipangilio ya jumla, ashuke hadi mwisho penye mipangilio ya mtandao, achague kusanidi proksi kwa mkono. Penye SOCKS ajaze 127.0.0.1, mlango 1080, toleo la 5. Chini yake kipo kisanduku cha kuamuru majina ya tovuti nayo yatafutwe kupitia proksi, kitiwe alama. Kisipotiwa, kurasa zitapita kwa mshenga ilhali majina ya tovuti yanaendelea kuulizwa kwa kampuni ya intaneti, ambayo itajua yote aliyokuwa akiyaficha. Uzuri wa njia hii ni kwamba Firefox pekee ndiyo hupita huko. Vivinjari vingine hubaki kama vilivyokuwa.

Kwa Telegram ya mezani hakuna haja ya kuibebesha mashine nzima. Programu hiyo ina nafasi yake ya proksi katika mipangilio ya juu, penye aina ya muunganisho, na hupokea SOCKS5 au MTProto. Tahadhari ni ile ile: proksi za MTProto zinazosambazwa vikundini huendeshwa na watu wasiojulikana. Hawawezi kusoma ujumbe, ila huona anwani ya anayeunganisha, na huweza kumtangazia chaneli zao juu ya orodha ya mazungumzo yake.

Nne, anwani ya IP itazamwe tena. Ikiwa ni ile ile ya mwanzo, proksi haifanyi kazi hata kama alama yake inang'aa kijani.

Kuondoa

Sehemu hii hupuuzwa, na ndiyo inayowaletea mafundi wa maduka ya intaneti wateja wengi wasio na lazima. Programu ya proksi inapofungwa ghafla, kwa mfano umeme unapokatika, huweza kuacha mpangilio wake ndani ya mfumo. Asubuhi ifuatayo kivinjari humtafuta mshenga aliyekwisha kuondoka, hakimpati, na husema kwamba hakiwezi kuifikia seva ya proksi. Mwenye duka huilaumu kampuni ya intaneti, hununua bando jipya, na tatizo husalia palepale.

Dawa yake ni kufungua mipangilio ya Windows, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha proksi, na kuizima swichi ya proksi iliyowekwa kwa mkono pamoja na ile ya kutumia hati ya usanidi. Katika Firefox, chaguo lirudishwe kwenye mipangilio ya mfumo. Mtumiaji wa mashine ya umma aendelee hatua moja zaidi: aandike certmgr.msc katika kisanduku cha kutafutia, afungue orodha ya mamlaka za vyeti vinavyoaminiwa, na aangalie kama lipo jina la programu ya proksi iliyokuwa ikitumika. Likiwapo, amwite mwenye duka akifute cheti hicho kabla ya mtu mwingine kuketi kwenye kiti kile na kufungua ukurasa wa HELB.